GARI LA MZAZI NA BIMA YAKE



Wengi wetu tunaoishi Palma, Mocímboa da Praia na Pemba tunao wazazi ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Mtwara na Lindi. Hutokea mzee akachoka kuendesha, akamwambia mwanawe achukue gari limsaidie kwenda kazini. Hiyo ni baraka. Lakini gari lililovuka mto bila bima kutengenezwa upya laweza kumla mfanyakazi mshahara wa miaka mingi.

Bima, au seguro kama tunavyoiita huku, ni mchango. Wenye magari wengi hutoa fedha kidogo kidogo, na ajali ikitokea, hasara hulipwa kutoka katika mfuko huo. Nchini Msumbiji, Sheria Namba 2 ya mwaka 2003 inamlazimu kila mwenye gari awe na bima ya kulipa madhara wanayopata watu wengine. Bima hiyo humlipa mwenye baiskeli aliyegongwa. Gari lako wewe hailitengenezi. Atakaye gari lake nalo lilipwe hununua bima kubwa, ambayo bei yake ni ya juu zaidi.

Wako wanaodhani kwamba karatasi ya mzee inatosha. Haitoshi, kwa sababu mbili.

Kwanza, mpaka. Kadi ya Njano ya COMESA humfikisha dereva wa Tanzania hadi Kenya, Malawi au Zambia, lakini Msumbiji haimo katika mpango huo. Basi ukivuka kwa Daraja la Umoja pale Negomano, lililofunguliwa mwaka 2010, au kwa kivuko baina ya Kilambo na Namoto, unatakiwa kuwa na bima ya Msumbiji tangu siku ya kwanza.

Pili, jina. Kampuni ilipatana na mzee, si na wewe. Mali ikibadili mwenyewe, mapatano yale nayo hayana budi kufanywa upya.

Tufuate utaratibu huu:

1. Mzee aandike hati ya kukupa gari, nawe uitunze pamoja na kadi ya gari. Kama mzee amefariki, gari ni la warithi wote mpaka mirathi igawiwe. Usilitie jina lako peke yako kwa siri.

2. Nenda forodhani. Kibali cha muda kina mwisho wake. Gari likikaa moja kwa moja, ushuru ulipwe, kisha upate namba za Msumbiji, livrete na hati ya umiliki kwa jina lako.

3. Bima inayouzwa mpakani ni ya muda mfupi. Kabla haijaisha, kata bima ya kudumu. Mwaka 1977 makampuni ya bima yalitaifishwa ikaundwa EMOSE. Leo yapo makampuni kadhaa, kwa hiyo uliza bei zaidi ya mahali pamoja. Msimamizi wao ni taasisi iitwayo ISSM, na mwenye malalamiko ana haki ya kuyapeleka huko.

4. Sema kweli. Taja nani anaendesha, gari linalala wapi na linafanya kazi gani. Ukiandika kuwa ni la matumizi ya nyumbani, kisha ukabeba wenzako wa zamu kwa nauli, hilo limekuwa chapa. Ajali ikitokea, kampuni yaweza kukataa kulipa, au kulipa kisha ikakudai wewe.

Siku ya ajali usikimbie. Saidia majeruhi, ita polisi, andika namba za magari na majina ya mashahidi, na uiarifu kampuni upesi kwa maandishi. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mwenzako anayesoma Kireno akusomee kwanza.

Ndugu, ada ya bima ni nzito kwa mshahara wetu. Lakini anayegongwa barabarani mara nyingi ni mfanyakazi mwenzetu atembeaye kwa miguu, na watoto wake hawana mfuko mwingine wa kutegemea.