Binti anapotaka tundu la pili



Juma hili tunazungumza juu ya masikio. Mtu asicheke. Siku ya likelemba iliyopita, mwenzetu mmoja alifika na binti yake wa miaka kumi na sita, amefungwa kitambaa kichwani na jua likiwaka vile. Tulipomfungua tuliona sikio la kuume limevimba, linang'aa, na limesimama mbali na kichwa. Lilikuwa na moto ukiligusa. Siku sita kabla yake, alikuwa amepita kwa kijana mmoja anayetoboa kando ya soko, akalipa franka zake, akatobolewa tundu la pili, juu, pale sikio linapokuwa gumu. Mama hakuambiwa. Alipogundua, aligomba kwanza, ndipo akapaka mawese na dawa ya meno. Akanunua na amoksisilini, vidonge vinne.

Tulimpeleka kituo cha afya jioni ileile. Sikio limepona, lakini limebaki na kikunjo juu, na msichana anasuka nywele zake ziangukie upande ule. Mama yake ndiye aliyetuomba tuandike.

Kutoga masikio si jambo geni kwetu. Wengi wetu tulitogwa na nyanya zetu kwa sindano na uzi, na baada ya uzi tukawekewa kijiti cha ufagio ili tundu lisifunge. Wanawake wa pwani, Lamu na Unguja, walikuwa na matundu mengi kuzunguka sikio zima, na ndewe wakalipanua hadi liweze kubeba majasi. Kwa hiyo binti anayetaka tundu la pili tusimwite mpotevu. Tumuulize anataka wapi, na nani atamtoboa.

Swali la wapi ndilo kubwa. Ndewe, yaani ile nyama laini ya chini, ina damu ya kutosha na hupona vizuri, mara nyingi kwa majuma sita hivi. Huku juu ni gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na ngozi nyembamba iliyolifunika. Usaha ukiingia kati ya ngozi na gegedu, chakula kinakatika, gegedu linakufa, na sikio linajikunja. Halirudi tena. Hata likienda vizuri, tundu la gegedu huchukua miezi mitatu, minne, pengine mwaka mzima kupona. Tena mdudu anayependa kuharibu mahali pale ni mmoja anayeishi kwenye maji na unyevunyevu, na amoksisilini haimuui kabisa. Ndiyo sababu vile vidonge vinne havikusaidia kitu. Tulielezwa hayo na muuguzi, kwa upole, na kusema kweli tuliona haya, maana ni nani kati yetu hajanunua vidonge vinne?

Basi ushauri wetu ni huu: tundu la pili liwe kwenye ndewe, kando ya lile la kwanza, nafasi ya kidole kidogo. Akisisitiza juu, asubiri awe mtu mzima.

Ni nani atoboe? Ni mtu anayefungua sindano mpya mbele ya macho yako, aliyenawa kwa sabuni, na bora avae glavu. Sindano ya kushonea inayopita kwa mabinti watatu wa kartie moja inaweza kupitisha sida na homa ya ini, na kuipitisha kwenye mshumaa hakutoshi, kunaipaka masizi tu. Ile bastola ya kutobolea nayo ina sehemu za plastiki zisizoweza kuchemshwa, na inapiga kwa nguvu. Kwenye ndewe watu hupona nayo, lakini kwenye gegedu inapondaponda. Uulize pia chanjo ya pepopunda. Watoto wachanga huchanjwa wanapofika majuma 6, 10 na 14, kwa hiyo mwenye kitoto cha kike asiharakishe kukitoboa kabla ya chanjo hizo. Anayejua kwamba katika ukoo wao makovu huvimba na kukua kupita jeraha, afikiri mara mbili. Kovu la namna hiyo ni gumu kuliondoa, na likikatwa mara nyingi hurudi likiwa kubwa zaidi.

Hereni ya kwanza isiwe ile ya bei rahisi inayogeuka kijani. Nyingi zina nikeli, na nikeli huwasha watu wengi. Dhahabu ya kweli au chuma cha pua kisichoshika kutu ni bora. Kama hakuna pesa, subirini zamu ya likelemba. Tundu halikimbii.

Sasa matunzo. Chemsha maji, yapoe, weka robo ya kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi moja, usizidishe. Asubuhi na jioni, nawa mikono, lowesha kitambaa safi kilichochemshwa, kiweke kwenye tundu dakika chache hadi ukoko ulainike, futa, kausha kwa karatasi laini. Usitumie pembe ya kikwembe ulichoshinda nacho. Usitie alkoli kila siku, inaunguza nyama mpya. Zamani tuliambiwa tuzungushe hereni isishike, lakini kuizungusha kunachana kidonda kila siku. Iache. Kizibo cha nyuma kisibane.

Na maji ya ziwa, hapana. Sisi watu wa Uvira hatuhitaji kufundishwa kipindupindu, na maji yaleyale tunayoyaogopa kuyanywa tusiyaoshee kidonda. Bomba likikauka, chemsha ya kisima.

Kuna mambo madogo ambayo wanaume hawayafikirii. Ngata na beseni vinavuta kitambaa, na kitambaa kinavuta hereni. Neti ya mbu inanasa. Mtoto mgongoni anashika kila kinachong'aa. Dawa ya kulainisha nywele isiguse tundu. Alale upande mwingine, na kwa hiyo asitoboe masikio yote mawili siku moja kama anataka usingizi.

Kuvimba kidogo na maji meupe siku za kwanza ni kawaida. Usaha wa njano au kijani, homa, uvimbe unaopanda, au sehemu ya juu ya sikio kuwa na moto, hayo ni ya kituo cha afya siku hiyohiyo. Na msing'oe hereni wenyewe njiani, tundu linaweza kufunga na kufungia usaha ndani. Mwachieni muuguzi aamue.

Mkutano ulipokwisha, mama mmoja alitufuata nje na kutuuliza kwa sauti ya chini. Mdogo wake anayeishi Ulaya ametoboa chuchu moja, sasa anataka ya pili. Tumjibu hapa, kwa kuwa huenda si yeye peke yake. Chuchu hupona polepole, miezi sita hadi mwaka, kwa hiyo ya kwanza ipone kabisa ndipo afikirie ya pili. Asitoboe akiwa na mimba wala akinyonyesha, na baada ya kuachisha apumzike miezi mitatu. Akija kuzaa, wengi waliotoboa hunyonyesha vizuri, lakini pete itoke kabla mtoto hajashika titi, anaweza kuimeza au kukabwa, na asishangae maziwa yakitoka pia kwenye matundu ya pembeni. Titi likiwa gumu, lina moto na homa juu, hata miezi mingi baadaye, aende hospitali. Na dada yake asimtukane kwenye simu, maana atanyamaza, kama yule binti wetu aliyekaa siku sita na kitambaa kichwani.

Mwenye swali analoona haya kuliuliza mbele ya wengine, atukute Alhamisi saa nane, kabla ya likelemba kuanza.