Daraja la Brooklyn: Baba alikufa kwa pepopunda, mwana akaugua, mkewe akasimamia kazi

KILA siku maelfu ya watu huvuka Daraja la Brooklyn jijini New York, Marekani, wengine kwa magari, wengine kwa miguu. Lilipofunguliwa Mei 24, 1883, lilikuwa daraja refu kuliko yote ya kuning'inia duniani. Lakini watu wasiopungua 20 walikufa katika ujenzi wake, na familia iliyolijenga haikusalimika.

Aliyelibuni ni mhandisi John Roebling, mzaliwa wa Ujerumani. Juni 1869 alikuwa gatini akipima mahali pa kujenga, kivuko kikaja kikamponda mguu. Vidole vilikatwa, lakini baada ya hapo aliwakataa madaktari na kujitibu mwenyewe kwa kumwagia kidonda maji. Taya zikakaza. Julai 22 akafariki kwa pepopunda, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na chanjo.

Chini ya mto

Kazi ikamwangukia mwanawe, Washington, mwenye miaka 32. Minara miwili ya mawe ilihitaji msingi imara chini ya maji. Yakatengenezwa masanduku makubwa ya mbao yasiyo na kitako, yakazamishwa hadi chini ya mto. Mashine zilisukuma hewa ndani ili maji yasiingie, na vibarua wakashuka humo kuchimba huku mnara ukijengwa juu ya vichwa vyao. Kadiri sanduku lilivyoshuka, ndivyo hewa ilivyozidi kugandamizwa.

Wakishamaliza zamu na kutoka, baadhi yao walishikwa na maumivu makali ya viungo na tumbo. Wengine walipooza miguu. Dk Andrew Smith, daktari wa mradi, aliorodhesha wagonjwa 110 upande wa New York. Watatu walifariki.

Katika hewa iliyogandamizwa, gesi ya naitrojeni huyeyuka kwa wingi ndani ya damu na misuli. Mtu akitoka taratibu, gesi hiyo huondoka kwa pumzi. Akitoka haraka, hugeuka mapovu mwilini, kama soda inapofunguliwa ghafla. Mwanasayansi wa Ufaransa, Paul Bert, alilieleza jambo hili mwaka 1878, wakati uchimbaji ulikwisha zamani. Ndiyo sababu leo wapiga mbizi wanaotumia mitungi ya hewa hufundishwa kupanda juu polepole.

Mei 1872, vifo vilipoanza, Washington aliamuru uchimbaji usimame kwenye kina cha takriban mita 24, juu ya mchanga ulioshindiliwa, badala ya kuendelea hadi kwenye mwamba. Aliona kwenda chini zaidi kungeua wengi. Mnara huo umesimama hadi leo.

Emily ashika usukani

Kwake mwenyewe hali ilikuwa tofauti. Alikuwa akishuka mara kwa mara pamoja na vibarua, na mwaka huohuo afya yake ikavunjika. Kwa miaka mingi alibaki nyumbani, akitazama ujenzi dirishani kwa darubini.

Mkewe, Emily, alianza kwa kumwandikia barua. Kisha akajifunza hisabati, uimara wa vifaa na kazi ya nyaya, akawa anapeleka maagizo kazini na kujibu maswali ya wahandisi. Mwaka 1882 baadhi ya viongozi wa mradi walipotaka mumewe aondolewe, alimtetea, naye akabaki mhandisi mkuu. Kabla ya ufunguzi, Emily alivuka daraja kwa gari la farasi akiwa amepakata jogoo, ishara ya ushindi.

Emily alifariki mwaka 1903. Washington aliishi hadi 1926.

Kwa wazazi, kisa cha mzee Roebling kina la kuzingatia. Pepopunda huingia kupitia kidonda, hata kidogo cha msumari, na maji peke yake hayaizuii. Leo chanjo ipo: watoto huchanjwa kliniki, na wajawazito pia. Aliyeumia kwa kitu kichafu asafishe kidonda kwa maji na sabuni, kisha awahi kituo cha afya. Asisubiri taya zikaze.