Kuotesha Nyanya Ndani Wakati wa Baridi

Leo tunasema na wewe uliyeko Makete, Njombe na kwingine kwenye baridi kama huko. Mwezi wa Juni na Julai sakitu huweza kuunguza miche ya nyanya kwa usiku mmoja tu. Ukingoja joto lirudi ndipo usie mbegu, mvua za Novemba zitakukuta na nyanya mbichi kinyunguni, na ukungu nao haukawii.

Basi, katikati ya Julai otesha ndani. Chukua sanduku la mbao au debe lililokatwa, toboa matundu chini. Changanya udongo wa msitu na samadi iliyooza, umwagie maji yanayochemka kupunguza kinyausi, uache upoe. Sia kwa mistari, kina sentimeta 1, uweke jikoni karibu na mafiga, si juu yake! Mbegu ya nyanya hupenda udongo wa joto la sentigredi 20 hadi 30.

Hapa ndipo wengi huharibu. Mbegu huota hata gizani, lakini mche unataka mwanga tangu siku ya kwanza. Ukiona imechomoza, siku hiyo hiyo toa sanduku: mchana juani pasipo upepo, jioni ndani. Ukiliacha jikoni siku tatu utavuna nyuzi nyeupe, si miche. Mwagilia asubuhi, kidogo.

Siku 10 za mwisho punguza maji, ilale nje usiku usio na sakitu. Kisha ihamishie kinyunguni jioni. Kabichi usiihangaikie, hiyo huvumilia baridi.