Tumbo Moja Minyoo Ishirini, Jingine Hakuna

Watoto wawili wa mama mmoja wanakula sinia moja, wanacheza uwanja mmoja na choo chao ni kimoja. Wakimeza dawa ya minyoo, mkubwa hatoi kitu, mdogo anatoa minyoo ishirini. Majirani wana jibu tayari: huyu mdogo mchafu, hanawi, mama yake hamwangalii. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na yananiuma, kwa sababu mara nyingi si ya haki.

Mnyoo mwenyewe ni askarisi, yule mviringo ambaye wengi wetu tunamwita mchango. Jike hufikia urefu wa sentimita 30 na zaidi, na kwa siku moja anaweza kutaga mayai 200,000. Mayai hutoka na kinyesi, hukomaa kwenye udongo wenye unyevu kwa wiki kadhaa, na ganda lake ni gumu hata yanaweza kukaa ardhini miaka. Ukiyameza, mabuu hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, hupita ini, hufika mapafuni, hupanda hadi kooni, kisha humezwa tena na kurudi utumboni kulekule walikoanzia. Tangu yai kumezwa hadi jike kuanza kutaga hupita miezi miwili au mitatu. Njia nzima hiyo kinga ya mwili inawasaka, na ni hapo miili inapotofautiana.

Tofauti hiyo inarithiwa? Jibu zuri lilitoka Jiri, bonde la mlimani mashariki mwa Kathmandu, Nepal. Wanaishi huko Wajirel, wakulima ambao asili yao inatajwa kuwa ni mchanganyiko wa Washerpa na Wasunwar. Kwa kuwa huoana zaidi ndani ya kabila lao, watafiti wakiongozwa na Sarah Williams-Blangero, mwanaanthropolojia wa Marekani, waliweza kuwaunganisha watu 1,261 katika ukoo mmoja mkubwa. Uzuri wa ukoo wa namna hiyo ni kwamba ndugu wa damu wametawanyika katika nyumba mbalimbali, na chini ya paa moja wanaishi mke na mume wasiochangia damu. Ya nyumba na ya damu yanaweza kutenganishwa.

Watu walipewa dawa ya albendazoli, kinyesi kikakusanywa, mayai yakahesabiwa, minyoo wakahesabiwa na kupimwa uzito. Ni kazi isiyo na fahari yoyote, na wanakijiji walioikubali wanastahili heshima yetu. Matokeo yalitolewa mwaka 1999: kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za mzigo wa minyoo baina ya mtu na mtu ilitokana na urithi. Kuishi nyumba moja kulieleza asilimia 3 hadi 13 tu. Mwaka 2002 timu hiyo ilionyesha kwamba sehemu za kromosomu ya 1 na ya 13 zinahusika.

Asilimia hizo zisomwe kwa uangalifu. Zinaeleza kwa nini watu wanaokanyaga udongo uleule hawapati minyoo sawa. Pasipo mayai ardhini, hata mwenye damu inayoupokea mchango kwa urahisi hatapata hata mmoja. Kwa hiyo choo na maji ya kunawa vinabaki palepale, na vinamfaa zaidi yeye kuliko wote.

Basi tumrudie yule mdogo. Tumbo lake likishasafishwa, udongo wa uwanjani ni uleule na mwili wake ni uleule, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuangaliwa tena miezi michache baadaye. Mayai mengi yanayowangoja wenzake uwanjani yanatoka kwake. Akiitwa mchafu mbele ya darasa, siku nyingine atasema tumbo haliumi.