Elfu mbili ya chama imeenda wapi? Jinsi tulivyoisaka hitilafu ambayo kila mtu alisema ni ya seva

Mkutano wa chama unakaribia kuisha. Mwenyekiti anasema, "Haya akina mama, tumeni." Wanachama kumi na wawili wanatoa simu, wengine zile za kisasa, wengine mulika mwizi, na kila mmoja anatuma elfu mbili kwa akaunti ya kikundi. Baada ya dakika chache kila mtu ameshapata ujumbe wa kuthibitisha. Mweka hazina anafungua programu yetu aangalie salio. Kabla ya mkutano lilikuwa Sh46,000. Elfu mbili mara kumi na mbili ni Sh24,000, kwa hivyo sasa linafaa kuwa Sh70,000.

Simu inasema Sh68,000.

Asubuhi iliyofuata alitupigia kutoka Nakuru. Mwenzetu wa huduma kwa wateja akaanza vile tunavyoanza siku zote: "Pole sana mama."

"Sitaki pole, mwanangu. Nataka uniambie elfu mbili ya watu imeenda wapi. Jana wamenitazama mpaka nikashindwa kumeza chai."

Mama huyu ameshika hazina ya chama hicho miaka tisa. Hakuna aliyetamka neno mwizi usiku ule. Ila kuna mmoja aliuliza, kwa sauti ya upole, kama labda alitoa kidogo siku moja akasahau. Ukiwahi kuwa kwenye chama unajua swali kama hilo lina uzito gani. Ametukubalia tusimulie kisa hiki bila kutaja jina lake wala la kikundi, na tunakisimulia kwa sababu kila siku mnatuuliza kwa nini tukiambiwa "mfumo uko na shida" hatujibu papo hapo. Hivi ndivyo mambo yanavyoenda huku ndani.

Pesa zako zimeandikwa wapi

Rekodi zako zote ziko kwenye hifadhidata. Ifikirie kama kitabu kikubwa cha hesabu chenye majedwali mengi: jedwali la wateja, jedwali la akaunti, jedwali la miamala. Majedwali haya yanahusiana kwa nambari, ndiyo maana muamala mmoja unaweza kujulikana ni wa nani na umeingia akaunti gani. Seva ya hifadhidata ndiye karani wa kitabu hicho. Programu yetu ikitaka kusoma au kuandika chochote, inamwomba karani. Karani wetu ni MySQL, seva inayotumiwa na makampuni mengi duniani.

Tulipofungua rekodi za chama kile, jedwali la miamala lilikuwa na michango yote kumi na miwili, kila mmoja na nambari yake. Jedwali la akaunti ndilo lililokuwa na salio la Sh68,000. Kwa hivyo hakuna mtu aliyekuwa ametoa pesa. Kurasa mbili za kitabu kimoja zilikuwa zinapingana, na kwa kampuni ya pesa hilo ni jambo la kukosesha usingizi.

"Ni seva tu"

Tuwe wakweli: wazo la kwanza la mafundi wetu lilikuwa ni seva. Tulikuwa tumehamia toleo jipya la MySQL wiki mbili tu kabla. Kitu kikiharibika baada ya mabadiliko, unalaumu mabadiliko, si ndiyo? Kuna hata aliyependekeza tuizime seva na kuiwasha tena.

Msimamizi wa hifadhidata akakataa katakata. Ukizima na kuwasha, mambo mengi yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya seva yanafutika, na pamoja nayo dalili. Ni kama kupiga deki nyumba iliyovunjwa kabla polisi hawajafika. Kwanza tukachukua nakala ya data vile ilivyokuwa, tukaandika toleo la seva, mipangilio yake, na saa ambayo tatizo lilitokea.

Halafu tukaanza kupunguza washukiwa. Seva huandika daftari lake la makosa, ambamo huandika inapokwama, inapokosa nafasi kwenye diski, au inapokuta ukurasa ulioharibika. Daftari la usiku ule lilikuwa safi. Tukaiambia ijikague majedwali yake yenyewe. Yote yalikuwa mazima. Tukawasha seva ya majaribio yenye toleo la zamani, lile la kabla ya wiki mbili, tukatuma michango mingi ya uongo kwa mpigo. Salio likapungua huko pia.

Hapo hadithi ya "ni toleo jipya" ikafa. Kama tungeshikilia kulilaumu, tungerudi toleo la zamani, tungepongezana, na hitilafu ingebaki palepale ikisubiri chama kingine.

Kitabu cha mama

Kilichotusogeza mbele hakikutoka kwa kompyuta yoyote. Mama alikuwa na kitabu cha kaunta, kile kikubwa chenye jalada gumu. Usiku uleule, kabla watu hawajaondoka, alimwomba kila mwanachama amsomee ujumbe wake, akaandika jina, nambari ya muamala, na saa. Kwenye simu akamsomea mwenzetu mstari kwa mstari, herufi kwa herufi, kwa uvumilivu ambao sisi vijana hatuna.

Mchango wa tano na wa sita ulikuwa na saa moja: saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Tukaangalia upande wetu, ambako saa huandikwa hadi sehemu za sekunde. Ile miwili ilipishana kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Na kwa nini isipishane hivyo? Mwenyekiti alisema "tumeni", watu wakabonyeza pamoja.

Sasa tukajua cha kujaribu. Fundi mmoja akatengeneza jedwali dogo kabisa, mstari mmoja, salio moja: 54,000, kiasi kilichokuwepo baada ya michango minne ya kwanza. Akafungua madirisha mawili kwenye kompyuta yake, kila dirisha likijifanya mchango mmoja. Dirisha la kwanza likasoma salio: 54,000. La pili nalo likasoma: 54,000. La kwanza likajumlisha elfu mbili, likaandika 56,000, likamaliza. La pili likajumlisha elfu mbili kwa ile 54,000 iliyosoma mwanzo, nalo likaandika 56,000, likamaliza. Seva haikulalamika hata kidogo.

Ilifaa kuwa 58,000. Hesabu sita zilizobaki uanzie 56,000, unafika Sh68,000 kamili.

Akarudia mara ishirini, na ikatokea mara ishirini. Hitilafu unayoweza kuiita ikaja imeshapoteza nusu ya nguvu zake.

Je, hiyo ni kasoro ya MySQL? Tulisoma mwongozo wake, na hapo ndipo tulipoinamisha kichwa. Kila seva ya aina hii ina viwango vya kutenganisha shughuli zinazoenda kwa wakati mmoja. Kwa kiwango ambacho MySQL huanza nacho, shughuli ikishasoma mara ya kwanza huendelea kuona picha ya data ya wakati ule, na kusoma kwa kawaida hakufungi mstari. Imeandikwa wazi. Seva nyingine maarufu, PostgreSQL, ukiiweka kwenye kiwango chenye jina hilohilo, ingekataa dirisha la pili na kurudisha kosa ili programu ijaribu upya. Lakini hata hiyo, kwa kiwango chake cha kuanzia, ambacho ni cha chini zaidi, ingepitisha. Karani alifanya alivyosema atafanya. Sisi ndio tuliompa maagizo mabaya.

Programu yetu ilikuwa inamwambia: nisomee salio, nitajumlisha mwenyewe, kisha uandike jibu langu. Siku hizi inamwambia: ongeza elfu mbili juu ya salio lililopo. Ukisema hivyo, karani huufunga mstari ule mpaka amalize, na wa pili anangoja zamu. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache ya programu. Kuyafikia kulichukua siku nne.

Basi seva haikosei?

Hukosea, na tusingependa uondoke ukidhani karani ni malaika. Mfano mmoja unajulikana sana kati ya mafundi wa MySQL. Mwaka wa 2003 iliripotiwa hitilafu iliyopewa nambari 199. Seva ilikuwa ikijigawia nambari za mistari kwa mfuatano, 1, 2, 3 na kuendelea, lakini nambari iliyofikiwa ilikuwa inawekwa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukiifuta mistari ya mwisho kisha seva izimwe na kuwashwa, ilikuwa inatazama nambari kubwa iliyobaki kwenye jedwali na kuendelea kutoka hapo. Nambari ambayo tayari iliwahi kutumika ingeweza kupewa kitu kingine kabisa. Fikiria hilo likitokea kwa nambari za risiti! Tabia hiyo ilikuja kurekebishwa katika toleo la 8.0, lililotoka rasmi mwaka wa 2018. Miaka 15. Na muda mwingi huo ilikuwa imeelezwa kwenye mwongozo, kwa hivyo watu walibishana kama ni hitilafu au ndivyo ilivyo. Maoni yetu: kitu kikimshangaza kila anayekutana nacho, kukiandika kwenye mwongozo hakukifanyi kiwe sawa.

PostgreSQL nayo ilipata yake mwaka huohuo wa 2018. Iligunduliwa kwamba diski ikishindwa kuandika, mfumo wa Linux ungeweza kuiarifu seva mara moja tu. Seva ikiuliza tena, inajibiwa kwamba mambo ni shwari, ilhali data haikufika kwenye diski. Kwa karibu miaka 20 seva ilikuwa imeamini jibu hilo la pili. Marekebisho yaliyotolewa Februari 2019 yaliifanya seva isimame yenyewe ikiona kosa kama hilo, na kujijenga upya kutoka kwenye jarida lake la mabadiliko.

Tofauti ya visa hivyo na chetu ni ushahidi. Walioripoti walikuja na toleo, hatua za kurudia, walichotarajia na walichokiona. Anayeandika tu "hifadhidata yenu imeharibika" haendi mbali, na ana haki ya kusaidiwa, ila hakuna pa kuanzia.

Na wewe ukiona salio haliingii akilini

Hatutarajii ujue viwango vya kutenganisha shughuli. Lakini mama wa Nakuru alifanya kazi ileile ya fundi, bila kompyuta. Usifute ujumbe wa kuthibitisha. Tukitumiwa picha ya ujumbe, ioneshe nambari ya muamala yote na saa, kwani nyingi zinazotufikia zimekatwa hapohapo panapohitajika. Tuambie salio kabla, kiasi kilichoingia au kutoka, na salio ulilotarajia. Tarakimu hizo tatu zinatuokolea nusu siku.

Kabla hujapiga, angalia salio kupitia menyu, usitegemee ujumbe pekee. Ujumbe huweza kuchelewa njiani kwa sababu ya mtandao, na mara nyingi pesa imeshafika. Kwa sababu hiyo usitume mara ya pili kwa hasira ya "haijaenda". Kuna watu wamelipa kodi ya nyumba mara mbili hivyo, na kumrudisha landilodi pesa si kazi rahisi. Na mtu akikupigia akisema anarekebisha hitilafu na anahitaji PIN yako, kata simu. Fundi wetu hahitaji PIN yako kwa lolote, hata siku mfumo mzima umelala.

Baada ya kurekebisha programu, tulijumlisha upya miamala ya kila akaunti ya kikundi na kuilinganisha na salio lake. Tulipata nyingine zenye pengo kama lile, na wenyewe tuliwapigia sisi kabla hawajatupigia. Ulinganishaji huo sasa unafanyika kila usiku. Ulifaa kuwepo tangu mwanzo.

Mama alirudishiwa salio lake sahihi siku ya tano. Tulidhani amemaliza, kumbe alikuwa na ombi moja: barua. Iandikwe kwa Kiswahili, ipigwe muhuri, na iseme wazi kosa lilikuwa la nani. Tukaandika kwamba kosa lilikuwa letu, na kwamba hakuna shilingi iliyotolewa kwenye akaunti. Ilisomwa kwa sauti kwenye mkutano uliofuata, naye akatuuliza kabla ya siku hiyo kama awaambie wanachama watume mmoja mmoja, wakifuata foleni. Tukamwambia hapana mama, watume wapendavyo.

Mwenyekiti akasema tumeni, wakabonyeza wote pamoja. Salio likasoma Sh94,000.