Uvimbe Usiouma na Safari ya Kinyama Hadi Mwanza

Uvimbe wa saratani ya titi, mara nyingi, hauumi mwanzoni. Hilo ndilo linalowaponza wanawake wengi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, maana vijijini ugonjwa hupimwa kwa maumivu. Kisichouma husubiri maharage yavunwe, husubiri mtoto aachishwe ziwa, husubiri fedha za kahawa.

Anayenyonyesha ana mtego wake. Akipapasa titi na kukuta kitu kigumu, ataambiwa maziwa yameganda au jipu linakuja, na mara nyingi ni kweli. Atapewa dawa, na hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kupewa dozi ya pili na ya tatu bila mtu kuuliza kwa nini ya kwanza haikusaidia. Uvimbe ambao baada ya wiki mbili au tatu uko palepale unahitaji altrasaundi na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, hata kama mama ana miaka 28. Barani Afrika ugonjwa huu huwapata wengi kabla hata hedhi haijakoma. Vivyo hivyo kwa chuchu iliyoanza kuzama ndani au kutoa damu, tezi iliyovimba kwapani, na ngozi ya titi iliyopata vishimo kama ganda la chungwa.

Watu huogopa kinyama kuliko ugonjwa wenyewe. Husemwa kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Wanaosema hivyo si wajinga. Wanasimulia walichokiona: jirani alifanyiwa upasuaji, na mwaka haukuisha akazikwa. Wasichokiona ni kwamba Tanzania wagonjwa walio wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani umeshatambaa kwenye tezi, mifupa au ini kabla kisu hakijatolewa kwenye pakiti. Sindano ya kuchukua kinyama haisambazi saratani. Inatuambia ni ya aina gani, na bila jibu hilo daktari hawezi kuchagua dawa.

Daktari wa hospitali za Murgwanza, Nyamiaga, Rulenge au hospitali teule ya Biharamulo anaweza kulipima titi kwa mikono yake na kuandika rufaa. Matibabu kamili ya saratani kwa Kanda ya Ziwa yako Hospitali ya Bugando, Mwanza: upasuaji, dripu za dawa za saratani, mionzi. Zamani aliyekwenda huko kwa barabara ya Geita na Sengerema alilala roho juu akiwaza foleni ya kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 daraja limeunganisha Busisi na Kigongo. Ziwa sasa linavukwa kwa dakika chache. Kinachochelewesha ni karatasi.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa mwaka 2021 unataka uchunguzi wa titi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Ukihesabu zahanati, kituo cha afya, barua ya rufaa, nauli ya kukopa na majibu ambayo hakuna aliyeyafuata, siku hizo humalizika upesi. Ndiyo maana nashauri familia imteue mtu mmoja, kijana mwenye simu na mdomo, awe mlinzi wa majibu. Kabla hawajaondoka hospitali aulize majibu yatatoka lini, apige namba gani, apewe nakala. Sera ya afya inaitambua saratani kati ya magonjwa ya kudumu yenye msamaha wa gharama, lakini msamaha haumfuati mgonjwa kitandani. Ni lazima mtu akaonane na ofisa ustawi wa jamii. Nauli, chakula na malazi ya msindikizaji vitabaki kwa ukoo.

Saratani ya mifuko ya mayai, ambayo huweza kuandamana na ya titi katika ukoo mmoja, ni adimu kuliko ya titi, na ni janja zaidi. Hakuna kipimo cha kuichunguza kwa wanawake wasio na dalili ambacho kimethibitika kupunguza vifo. Tumbo hujaa, mama hushiba kwa matonge mawili, hukojoa mara kwa mara, kiuno hakitulii. Yote hayo huitwa chango au minyoo. Yakidumu wiki kadhaa, hasa kwa aliyevuka miaka 50, aombe altrasaundi ya nyonga.

Kati ya saratani 100 za titi, kama 5 hadi 10 hutokana na hitilafu ya kurithi. Maarufu zaidi ni ya jeni BRCA1 na BRCA2. Kwa wanawake wenye hitilafu ya BRCA1, kama 72 kati ya 100 hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na 44 ile ya mifuko ya mayai. Daktari akiuliza historia, wengi humtaja mama na bibi mzaa mama, wakanyamaza. Baba naye hurithisha, tena kwa uwezekano uleule wa nusu kwa nusu. Shangazi aliyefariki kwa “kidonda cha ziwa” akiwa na miaka 40 lazima atajwe.

Uvimbe wa titi ukionekana unachochewa na homoni, mgonjwa atapewa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Wengi hukiacha mwaka wa pili, wakiwa na nguvu za kulima, hawaumwi popote. Atakayejua kwamba chupa imeisha ni mume, binti au wifi anayeishi naye.