Nyumba ya 1872 yenye inalipa rangi yake yenyewe

Tunazoea kusema nyumba ya zamani inaokolewa na watu wenye kupenda historia. Mapenzi yanasaidia, lakini hayanunue mbao. Tuangalie nyumba moja ya Cape May, muji mudogo kando ya bahari, jimbo la New Jersey, Marekani.

Inaitwa Mainstay Inn. Ilijengwa 1872 ikuwe klabu ya matajiri wenye kucheza kamari. Dari ya juu, madirisha marefu, barza kubwa: njo mtindo wenye wanaita wa Victoria, kwa jina la malkia wa Uingereza mwenye alitawala tangu 1837 mpaka 1901. Marekani haikuwa chini yake, lakini jina lilivuka bahari.

Mwaka wa 1878 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Cape May. Watu walijenga tena kwa mbao, nyumba zenye marembo mengi. Kisha wageni wakaanza kwenda zaidi Atlantic City, makuta ikapunguka. Na kumbe ukosefu ule njo ulilinda nyumba: mwenye hana cha kujengea mupya, habomoe.

Hatari ilikuja nyuma ya tufani ya Machi 1962. Makuta ya serikali ya kufufua muji ilifika, na wengine walitaka kubomoa vya zamani. Kulikuwa mabishano makali. Wakaaji walijipanga, na 1976 muji ukaandikwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Lakini karatasi haizibe paa lenye kuvuja. Katika miaka ile ya 1970, mke na mume mmoja walinunua Mainstay na kuifanya nyumba ya kulala na kula chakula cha asubuhi. Hesabu ya kazi hii iko rahisi: wenye nyumba wanapangisha vyumba vyenye viko tayari na kupikia wageni asubuhi tu, bila kufungua restora. Mugeni analipa juu ya uzee wenyewe wa nyumba. Malipo yake inarudi kwa mbao na rangi, juu chumvi ya bahari haipumzike. Wengine wengi wa Cape May walifuata njia ile.

Sisi wa agronomia tunajua: shamba lenye halilimwe linarudi pori, hata kama liko na documents zote. Nyumba ni vile vile. Kwa hiyo, siku tutaomba jengo fulani lisibomolewe, tufike na jibu mukononi: litafanya kazi gani, na nani atapatia mule mukate wake?